Fishi ya mushahara isifungiwe ndani ya telefone

Ndugu watumikaji wa migodi, ba mama wa nyumba na vijana wetu, leo hatuzungumuze juu ya bei ya shaba wala ya kobalti. Tunazungumuza juu ya ordinatere moja ya zamani yenye kuwa mu biro ya sendika yetu hapa Kolwezi, na juu ya programu moja iliyokataa kuwaka siku ile tulikuwa na haja nayo. Mutasema: sendika na mambo ya ordinatere, wapi na wapi? Ngojeni kidogo. Mu hii habari muko mushahara wa mutu.

Kampuni moja ambamo wengi wetu tunatumika iliacha kutoa fishi ya mushahara ya karatasi. Walibandika tangazo ku valves: kuanzia mwezi huu, kila mutumikaji atatazama fishi yake ndani ya aplikasio, mu telefone ya Android. Chini ya tangazo kulikuwa mustari moja mudogo: mwenye kuwa na malalamiko ayalete mbele ya siku saba kupita tangu fishi inatokea.

Siku saba. Tuliisoma mara mbili, kisha tukaangaliana. Kati yetu kuko wenye kuwa na telefone ndogo ya torche, ile ya kuita na kuitika tu. Kuko wenye kuacha telefone nyumbani juu mama anatumika nayo mu biashara yake ya makala ao ya unga. Kuko wenye telefone nzuri yenye kioo kilipasuka na haionyeshe kitu tena. Na ku kazi, telefone inabaki mu vestiaire mpaka poste inamalizika. Ule aliandika tangazo hakufikiri juu ya hawa wote. Alifikiri juu ya mutu wa biro, mwenye telefone mukononi na konekshio kutwa muzima.

Mwezi wa pili wa ule mupango, mwenzetu mumoja, shofere wa kamyo kubwa ya benne, alikuja ku biro yetu. Telefone yake ilianguka mu maji, ikakufa. Ku banki alikuta feza kidogo kuliko alivyohesabu. Alienda ku servisi ya personeli, wakamujibu kwa upole: "Papa, angalia mu aplikasio." Akasema hana tena telefone. Wakamujibu: "Basi uombe ya mutoto." Mutoto wake ana miaka 9. Alipofika kwetu, siku tatu zilikwisha pita. Zilibaki inne.

Sisi tukafikiri hivi: kama aplikasio inataka telefone, na mutu hana telefone, ordinatere yetu inaweza kujifanya telefone. Kuko programu za kufanya vile. Kwa Kifaransa wanaziita émulateur, sisi tuseme emilatere. Unaiweka mu Windows, inafungua kioo kidogo sawa kioo cha telefone ya Android, na ndani yake unaweka aplikasio unayotaka. Mwenzetu alikuwa angali na karte ya SIM yake. Tukaiweka mu telefone ya ndugu yake ili kode ya kuingilia ipate kufika. Kila kitu kilikuwa tayari.

Emilatere ikakataa. Picha yake ilitokea, mustari wa chini ukaanza kutembea, ukafika ku alama fulani, ukasimama. Tukangoja robo saa. Tukaifunga, tukaifungua tena. Paka vile vile. Tukazima ordinatere, tukaiwasha. Paka vile vile. Tukaiondoa na kuiweka mara ya pili, na megabaiti za sendika zikaisha bure. Jua likashuka. Zilibaki siku tatu.

Kesho yake tulipeleka ordinatere kwa vijana wa cyber. Waliangalia dakika mbili, wakasema: "Windows yenu inaharibika, ba papa. Tunaformati, dola 20." Dola 20 ni feza, lakini kilichotuogopesha si feza. Mu ile mashini munakaa barua zetu zote kwa bakubwa wa kampuni, ba procès-verbaux za mikutano, na majina ya wenye malalamiko. Kuformati maana yake ni kufuta. Tulibeba mashini yetu, tukarudi.

Hapa njo tunataka tuseme neno la kwanza, na wafundi wa mugodi watalielewa mbio. Kamyo ya benne ikikataa kuwaka asubui, fundi muzuri hafungue motere. Anaanza kutazama coupe-batterie. Ni kifunguo kidogo, mutu wa zamu ya usiku amekifunga kwa usalama, na kamyo ya tani mia inabaki kimya sawa jiwe. Unaweza kubadilisha motere yote, kamyo haitawaka, juu kifunguo kiko inje ya motere.

Ordinatere yetu ilikuwa vile. Aliyeiona ni binti wa mwenzetu mumoja, mwanafunzi mu shule ya ufundi hapa muji. Alikuja ku saa kumi ya jioni, siku mbili tu zimebaki. Hakugusa emilatere. Alibonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap, kukatokea "Gestionnaire des tâches". Akaingia mu "Performance", kisha mu "Processeur", akatuonyesha kwa kidole: "Virtualisation : Désactivé".

Akatuambia: "Ba papa, ordinatere yenu haina mugonjwa. Kuko kitu kimoja kilifungwa tu. Na hakiko mu Windows, kiko chini ya Windows. Hata mungeformati mara kumi, kingebaki cha kufungwa."

Tuelezane vizuri. Emilatere inafanya kazi ya kuweka mashini moja ndani ya ingine. Ili ifanye vile bila kuchoka, inaomba musaada wa processeur yenyewe. Ule musaada njo unaitwa virtualisation. Processeur nyingi za Intel na za AMD ziko nao tangu miaka mingi, lakini mu mashini mingi wanaziuzisha na kile kifunguo kikiwa cha kufungwa. Mufungulio wake uko mu BIOS, ile karatasi ya maagizo ambayo ordinatere inasoma mbele Windows haijaamuka.

Yule binti alizima mashini, akaiwasha, na palepale akaanza kubonyeza F10. Ku mashini zingine ni F2, ku zingine ni Suppr ao Échap. Inategemea mutengenezaji, na mara nyingi wanaiandika chini ya kioo wakati mashini inawaka. Akaingia mu BIOS. Ku processeur ya Intel unatafuta mustari wenye kuandikwa "Intel Virtualization Technology" ao "VT-x". Ku AMD unatafuta "SVM Mode". Yetu ilikuwa Intel. Akaigeuza toka "Disabled" kwenda "Enabled", akahifazi, akatoka. Windows ikaamuka. Akatazama tena mu Gestionnaire des tâches: "Virtualisation : Activé".

Emilatere ikaanza kwenda, lakini polepole sana. Mashini yetu iko na memwari ya Go 4 tu, na disiki ilijaa picha za mikutano. Akafunga kila programu ingine, akafuta vitu vya bure ku disiki, akapunguza memwari ile emilatere inaomba. Kisha akabadilisha namna yake ya kuchora picha, toka DirectX kwenda OpenGL. Kioo cha telefone kikatokea. Tukapiga mikono sawa bana ba masomo.

Courant ikakatika.

Asubui, siku moja tu imebaki, courant ikarudi. Tukawasha. Emilatere ikasimama palepale pa zamani. Tulitaka kulia. Tukamuita tena binti kwa telefone, akauliza swali moja tu: "Saa ya ordinatere inaonyesha nini?" Tukaangalia. Ilionyesha mwaka wa zamani sana, mbele hata ile mashini haijakuwa yetu. Akacheka: "Pile yake ilikufa."

Ndani ya ordinatere muko pile ndogo ya mviringo sawa feza ya chuma, jina lake CR2032, volti 3. Ile pile njo inakumbusha BIOS mambo yake wakati hakuna courant. Pile ikiisha, kila courant ikikatika, BIOS inasahau yote: saa inarudi nyuma, na kile kifunguo tulichofungua kinafungwa tena. Hata saa yenyewe ni shida. Saa ikidanganya, aplikasio nyingi zinakataa kuunganika na konekshio salama, juu zinaona tarehe haisimame sawa. Tulinunua pile mu soko, tukazima mashini na kuichomoa ku courant, tukaiweka. Tukarudia ile kazi ya BIOS sisi wenyewe, na karatasi ya maagizo mukononi. Saa ine ya asubui, fishi ya mwenzetu ikafunguka.

Usiku tatu za kazi hazikuhesabiwa. Usiku tatu! Aliandika barua, tukaisoma pamoja, akaipeleka mbele ya saa ya kufunga biro, na wakamusainia accusé de réception. Mwezi uliofuata walimulipa. Hatuseme waliiba. Inawezekana mutu wa pointage alisahau. Lakini kosa ambalo mutu hawezi kuona, hawezi kuomba litengenezwe. Na kama courant ingekatika tena siku ile, usiku tatu zingepotea kwa sababu ya pile moja.

Sasa neno la pili, na hili ni kwa bakubwa. Kijana mumoja wa kwetu alituambia: "Ninyi ba papa munapenda paka makaratasi. Aplikasio ni mbio, karatasi inapotea, inakula feza." Tunamujibu kwa heshima: ni kweli, kwa wewe mwenye telefone nzuri, ni mbio. Hatukatae aplikasio. Tunakataa iwe mulango moja peke. Sheria ya kazi ya inchi yetu, Code du travail ya 2002, inaomba mwenye kutumikisha amupe mutumikaji décompte ya kuandikwa kila anapomulipa. Kumupa. Kuiweka mu sanduku lenye kifunguo kisha kumuambia mutumikaji ajitafutie kifunguo, ile si kumupa.

Na tusisahau wazee wetu. Mu mwaka 2003, watumikaji zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wa départs volontaires, uliosaidiwa na feza ya Banque mondiale. Wengi wao walibishana miaka mingi juu ya décompte final yao. Walibishana na nini? Na karatasi. Mu nyumba ngapi hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kungali valizi chini ya kitanda yenye fishi za mushahara za baba, zimegeuka manjano? Mujane anaweza kufungua valizi. Aplikasio ya kampuni, siku bwana wake anakufa ao anafukuzwa kazi, nani atamufungulia? Compte inafungwa, na miaka 15 ya fishi inaenda nayo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza: kila mutumikaji mwenye kuomba fishi ya karatasi aipate ku servisi ya personeli, bila kulipa na bila kuulizwa kwa nini. La pili: pawekwe ordinatere moja na imprimante karibu na vestiaire, mahali mutu anaweza kufungua fishi yake akitoka poste. Kampuni yenye kununua kamyo za tani mia haiwezi kukosa imprimante. La tatu: zile siku saba zihesabiwe tangu siku fishi imefika mukononi mwa mutu. Délégation syndicale ipeleke haya mu mukutano, na yaandikwe mu procès-verbal. Wakikataa, tutaenda kuuliza ku Inspection du travail.

Neno la tatu ni kwetu wenyewe, na lisituuzi. Sisi wa sendika tulipoteza siku mbili nzima juu hatukusoma kioo. Emilatere yetu iliandika ujumbe mudogo kwa Kifaransa, wenye neno "virtualisation" ndani yake, na sisi tuliufunga bila kuusoma, sawa mutu anafukuza inzi. Fundi wa mugodi anafundishwa kusoma taa za tablo mbele ya kugusa mashini. Ku ordinatere tufanye vile vile.

Mwenye kupata shida kama yetu afuate hii njia. Andika ujumbe wa kioo ku karatasi, neno kwa neno. Tazama saa na tarehe. Tazama virtualisation mu Gestionnaire des tâches. Ikiwa ya kufungwa, ingia mu BIOS uifungue, na usiguse kitu kingine mule. Ikiwa ya kufunguliwa na emilatere ingali inakataa, tazama nafasi ya disiki na memwari, kisha tafuta pilote mupya ya carte graphique ku mutengenezaji wake. Kisha tazama mu "Fonctionnalités de Windows" kama Hyper-V imewaka: kuko emilatere zinazoitaka, kuko zingine zinazokosana nayo, kwa hiyo soma kile watengenezaji wa emilatere yako wanaomba. Kuondoa emilatere na kuiweka upya kunakuja nyuma ya hayo yote. Kuformati Windows kunakuja mwisho kabisa, na mbele yake unahifazi kila kitu ku disiki ingine.

Na muangalie sana: emilatere ichukuliwe ku mahali pa watengenezaji wenyewe, si mu kile kifunguo cha USB chenye kutembea toka mukono kwa mukono. Neno la siri la aplikasio usimupe mutu wa cyber, hata akiwa mutoto wa jirani. Sisi vilevile, mwenzetu alipomaliza, aliandika neno lake la siri mwenyewe, tukageuza macho, na tukaondoa compte yake mu emilatere mbele hajatoka. Sendika inabeba malalamiko ya watu. Haibebe funguo zao.

Tuseme tena kweli yote: emilatere si dawa. Kuko aplikasio zenye kutambua kama ziko mu emilatere na zinakataa kufunguka. Kesho kampuni inaweza kubadilisha ya kwake, na kazi yetu yote ikawa bure. Ndiyo maana tunaomba karatasi. Ufundi wetu ulisaidia mutu moja, kwa siku ine, na binti ya watu. Karatasi itasaidia wote, kila mwezi, na courant ikiwa imekatika.

Mpaka siku ile, kila mumoja anunue kaye ndogo. Kila poste unayomaliza, andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka. Bibi yako ajue kaye inakaa wapi. Mwenzetu wa kamyo aliweza kuhesabu usiku wake tatu juu bibi yake alikuwa anaziandika ku kalenda ya ukuta, pale karibu na mulango. Bila ile kalenda, fishi ingefunguka na hatungejua nini tunatafuta ndani yake.

Ordinatere iko mu biro, pile yake ni mupya, na karatasi ya maagizo tumeibandika ku ukuta. Mukuje, lakini mukuje siku ya kwanza, musingoje ya tatu. Na mukuje na kaye.